Kisu cha Kaisa, Karatasi ya Bi Kivela

Watoto wa Harju walijua mambo mawili kuhusu Bi Lorna Kivela kabla hawajafika darasa la sita: kwamba hakai kitini, na kwamba ananusa gundi.

La kwanza lilikuwa kweli tupu. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na moja, na mto wa kiti chake ulikuwa mpya kama siku uliponunuliwa. Alifundisha akitembea, alisahihisha akiwa amesimama dirishani, na alikula mkate wake wa nyama na viazi akizunguka ukumbi wa chakula huku makombo yakimwangukia kifuani. Mumewe, Reino, mchimba shaba mstaafu, mtu wa maneno machache, alizoea kusema kwamba amemwoa mwanamke mwenye siafu kwenye soksi.

La pili lilitokana na Mradi wa Msitu. Kila mwaka, mwezi wa tatu, theluji ya Michigan ya kaskazini ikiwa bado imefika usawa wa madirisha, darasa la sita lilisoma riwaya ileile. Mvulana wa miaka kumi na mitatu anavunjikiwa porini na sleji, gari la theluji linalokokotwa na mbwa, mbwa wanamkimbia, naye anabaki peke yake siku arobaini na moja akiwa na kisu, sufuria na blanketi moja. Wakimaliza kusoma, kila mtoto alitakiwa kutengeneza kitu kinachotokana na kitabu hicho. Wapo waliochora ramani. Wapo waliotengeneza shajara ya yule mvulana, wakachovya kurasa kwenye chai ya rangi na kuzikausha ndani ya oveni ili zionekane za kale, na kila mwaka hakukosekana mama wa kupiga simu kulalamika kwamba jiko zima linanuka moto. Wapo waliojenga kibanda cha matawi ndani ya boksi la viatu. Juu ya karatasi ya maelekezo Bi Kivela aliandika kwa herufi kubwa: KAZI IWE YA MKONO WAKO. Chini yake, tangu kanuni mpya za shule zilipoanza miaka minne iliyopita, aliongeza mstari wa pili: HAKUNA KISU, SHOKA WALA CHOCHOTE CHENYE MAKALI KULETWA SHULENI.

Na kila mwaka akina baba wa Harju waliuiba mradi ule. Majira ya baridi ni marefu kule, gereji zina joto, na mwanamume mwenye msumeno wa umeme hawezi kumwona mtoto akihangaika na kadibodi asimwambie, "Lete hapa nikuonyeshe." Mtoto alionyeshwa mpaka kazi ikaisha. Bi Kivela alinusa kila kazi, akawajua wote. Gundi ya mtoto humwagika; ya baba hainuki wala haionekani.

Jumanne moja, mwaka wa 2003, mtoto aitwaye Travis Pelto aliingia darasani akisukuma kitoroli. Juu yake palikuwa na mlima wa plasta, misonobari mia moja hivi, na maporomoko ya maji ya kweli, yanayosukumwa na pampu ya tangi la samaki. Wenzake walipiga makofi. Bi Kivela aliuzunguka mlima mara mbili, mikono nyuma.

"Travis. Maji haya yanapandaje?"

"Yanapanda na umeme, Bi Kivela."

"Nani kaunganisha umeme?"

Travis alitazama maji. "Mimi na baba."

"Wewe ulifanya nini?"

"Mimi nilishika tochi."

Darasa likaangua kicheko. Hata Travis alicheka, maana alikuwa mtoto mwema asiyejua kudanganya vizuri. Bi Kivela hakucheka. Aliandika kwenye daftari lake, "Tochi: amefaulu. Mlima: wa Dale Pelto," akaenda kwenye meza iliyofuata akiwa tayari amechemka. Katika hali hiyo ndipo alipofika kwa Kaisa Lampinen.

Kaisa alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa kuliko umri wake. Alilelewa na babu yake, mzee Urho, tangu akiwa na miaka minne, kwenye nyumba ya mwisho barabara inapoishia msituni. Juu ya meza yake palikuwa na jozi ya viatu vya kutembelea juu ya theluji: fremu za mti zilizopindwa kwa mvuke, zikafungwa mkiani, na ndani wavu wa kamba za ngozi ya paa, macho yake yamelingana kama ya chandarua. Nyuma ya kimoja palibanwa karatasi kwa kibanio cha nguo.

Bi Kivela alivinyanyua. Vilikuwa vyepesi. Alipitisha kidole kwenye fremu hakupata kibanzi. Hakukuwa na gundi hata tone, na hilo ndilo lililomkera zaidi, kwamba hapa pua yake haikuwa na cha kunusa. Akavitundika ukutani, karatasi ikielekea ukuta, akaendelea na safari yake.

Kengele ilipolia alimwita Kaisa korido, kwenye mistari ya makoti yanayodondosha maji.

"Vile viatu kavitengeneza nani?"

"Nimeandika pale, Bi Kivela."

"Sikukuuliza umeandika nini. Nimekuuliza nani kavitengeneza."

"Mimi nime... kimoja ni..."

"Kaisa, nimeshasikiliza hadithi za tochi leo, zimenitosha. Ile ni kazi ya mtu mzima. Unasema ni yako?"

Msichana alitazama buti zake. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Nimeandika pale," alirudia, taratibu zaidi.

Bi Kivela aliliona hilo kuwa jeuri. "Vizuri. Kesho uje na kipande cha mti na hicho ulichochongea. Saa ya chakula utachonga mbele yangu, tuone."

"Nilete kisu, Bi Kivela?"

"Kwani ulichonga kwa kijiko? Lete ulichochongea."

Alikwishaondoka hatua tatu kabla neno lile halijamfikia. Kisu. Lilimgusa begani kama mtu anayemwita kwa nyuma, naye alilisikia. Lakini alikuwa na hasira, na mwenye hasira hupenda kumaliza kwanza. Akajiambia kwamba kisu chenyewe hakipo, kwamba kesho mtoto atakuja mikono mitupu na kukiri kwamba ni kazi ya babu, na somo litakuwa limeeleweka. Akaingia darasa lililofuata.

Kesho yake Kaisa alikuja na kisu.

Kilikuwa kisu cha Kifini cha mzee Urho, kile alichopewa na baba yake, aliyekuja nacho melini kutoka Ufini: mpini wa mti wa bechi uliong'aa kwa jasho la vizazi vitatu, ala ya ngozi, makali ya inchi nne. Watu wa Harju hawakihesabu kisu kama hicho kuwa silaha. Mtoto hupewa chake anapoanza kuaminiwa, kama watu wengine wanavyompa mtoto ufunguo wa nyumba. Kaisa alikifunga kwenye taulo la jikoni pamoja na kipande cha bechi, akakiweka kwenye mfuko wa chakula. Alipokuwa kwenye foleni ya maziwa taulo likafunguka, mpishi akaona. Mpishi alikuwa na kanuni yake: akiona, aseme. Akasema.

Dakika kumi baadaye Bi Kivela aliitwa ofisini. Mwalimu mkuu, Gordon Trevarrow, mtu mpole aliyeogopa simu kuliko alivyoogopa Mungu, alikuwa amekaa mbele ya kile kisu kama mtu aliyewekewa nyoka mezani. Kaisa alikuwa amesimama pembeni, taulo mkononi.

"Lorna, huyu ni wa kwako. Amekutwa na hiki. Nimemwuliza kwa nini, anasema amekileta yeye. Nimemwuliza nani kamwambia, anasema amekileta yeye. Unajua lolote kuhusu jambo hili?"

Kaisa aliinua macho akamtazama Bi Kivela. Hayakuwa macho ya kulaumu wala ya kuomba. Alikuwa anasubiri tu, kama mtoto anavyosubiri darasani akijua kwamba mwalimu ana jibu na sasa atalisema.

Bi Kivela alifungua mdomo. Alihisi ulimi wake ukichagua.

"Imeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, Gordon," alisema. "Hakuna kisu kuletwa shuleni. Wote walipewa."

Kila neno lilikuwa la kweli. Na huo ndio uongo mbaya kuliko wote, ule unaojengwa kwa matofali ya kweli, kwa sababu mwenye kuusema hupata mahali pa kulala ndani yake.

Kaisa alitazama chini. Alipotolewa kwenda kumsubiri babu yake, alilikunja taulo mara nne, vizuri, akaliweka kwenye mfuko.

Kanuni ya shule ilisema hivi: mwanafunzi akutwaye na kisu chenye makali ya zaidi ya inchi tatu atafukuzwa mwaka mzima, isipokuwa bodi iamue vinginevyo. Na mtumishi atakayejulikana kuruhusu silaha kuingia shuleni atachukuliwa hatua, hadi kuachishwa kazi. Bodi ingekaa Jumatano ya wiki iliyofuata. Siku saba.

Siku saba hizo Bi Kivela hakukaa hata kidogo. Alisukuma theluji kwenye njia ya gari ambayo Reino alikuwa ameshaisukuma. Alifua mapazia safi. Alioka mikate ya iliki minne, nao ni wawili nyumbani. Darasani alisahihisha imla akisoma sentensi moja mara tatu, na alipofika kwenye meza tupu ya Kaisa karibu na dirisha alianza kupita njia nyingine. Watoto waliona. Watoto huona kila kitu isipokuwa ubao.

"Bi Kivela, Kaisa amefungwa?" Travis aliuliza.

"Hajafungwa. Soma kitabu chako."

"Baba anasema yule mvulana wa kwenye kitabu angeletwa kwenye shule yetu, angefukuzwa siku ya kwanza."

"Soma, Travis."

Jumamosi alasiri, kama kila Jumamosi, Reino aliwasha sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke, uani. Walikaa kwenye benchi la juu, au tuseme Reino alikaa. Mkewe alikuwa anapanda na kushuka, anamimina maji kwenye mawe, anapanda tena.

"Utanipika kama kamba-mti," Reino alisema. "Mama, weka hiyo kata chini."

Akaweka. Ndipo alipomweleza yote, akiwa ameukabili mlango, kwa kuwa uso wa mumewe ulikuwa mgumu kuukabili. Reino alisikiliza. Mvuke wa mawe ulipotulia akasema:

"Mlikuwa wangapi pale kwenye makoti?"

"Wawili."

"Mtoto amesema?"

"Hajasema."

"Na karatasi inasema usilete."

"Inasema."

"Basi nyamaza." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Umebakiza mwaka mmoja na miezi mitatu ustaafu, Lorna. Mtoto ana miaka kumi na miwili. Atakwenda shule ya Bay, mji wa pili, atasahau. Wewe ukifukuzwa sasa, hilo ndilo watakalolikumbuka. Hawatakumbuka ile thelathini na moja."

"Unaamini hivyo?"

Reino aliokota ile kata, akaiweka tena. Alikuwa mtu mwaminifu, na mke wake alimjua mpaka kwenye kope.

"Naamini umebakiza mwaka na miezi mitatu," alisema hatimaye, akashuka kwenda kujimwagia theluji.

Jumapili, baada ya kanisa, Bi Kivela alikwenda shuleni peke yake na ufunguo wake. Alijidanganya kwamba anakwenda kupanga miradi kwa ajili ya maonyesho ya wazazi. Aliufuta vumbi mlima wa Pelto. Alinyoosha shajara zilizonuka chai. Mwishowe hakukuwa na kingine cha kugusa isipokuwa viatu vya Kaisa, navyo akavishusha, na alipovishusha ile karatasi iliyobanwa nyuma ikageuka.

Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, pande zote mbili. Bi Kivela alisoma akiwa amesimama.

"Mradi wangu ni viatu vya theluji kwa sababu kwenye kitabu mvulana alivitengeneza siku ya kumi na tisa na mimi sikuamini. Nilitaka kujua kama inawezekana. Cha kushoto ametengeneza babu ili nione namna ya kufanya. Cha kulia ni changu. Nilivunja mbao tano kabla hii haijakubali kupinda. Ngozi nilikata mwenyewe. Babu alinishikia ncha moja nilipokuwa napinda kwa sababu mvuke ulikuwa unaunguza na mikono yangu ilikuwa miwili tu. Naona lazima niseme hilo kwa sababu maelekezo yanasema kazi iwe ya mkono wako na ule ulikuwa mkono wake. Kama ni kosa basi upunguze maksi. Sasa naamini kitabu."

Bi Kivela alivigeuza viatu. Akaviweka sambamba kwenye mwanga. Sasa aliona: cha kulia mkia wake ulikwenda pembeni kidogo, nusu ya upana wa kidole, na karibu na ncha fundo moja lilikuwa limefungwa mara mbili kwa sababu la kwanza liliteleza. Yote yalikuwa wazi kwa mtu yeyote ambaye angetazama. Alikuwa amepitisha kidole kwenye kile cha kushoto.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amewaambia watoto: soma kwanza, ndipo useme. Aliwaadhibu kwa hilo. Aliandika hivyo kwa wino mwekundu kwenye maelfu ya karatasi. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na siku ile Bi Kivela aliuhisi ukiingia.

Akavuta kile kiti chake chenye mto mpya. Akakaa. Akanyanyuka palepale, kama kwamba kilikuwa cha mtu mwingine.

Jumatano, saa kumi jioni, bodi ilikaa maktaba, katikati ya rafu za vitabu vya watoto. Walikuwa watu watano, na mwenyekiti alikuwa Marcella Bertucci, mwenye duka la maua, mwanamke aliyesema haraka na kusikiliza haraka. Mjumbe wa pili kushoto alikuwa Dale Pelto mwenyewe, baba wa maporomoko. Kaisa alikaa mbele yao kwenye kiti kidogo, amesukwa nywele kwa nguvu. Mzee Urho alisimama nyuma yake. Alipoambiwa akae alisema, "Nasikia vizuri nikiwa wima."

Gordon alisoma taarifa. Aliisoma akitazama karatasi tu. Marcella akauliza, "Kaisa, una la kusema?"

"Nilikileta mimi."

"Kwa nini, mwanangu?"

Kaisa aligeuza kichwa kidogo tu, kuelekea ukutani alikosimama Bi Kivela. Kisha akakirudisha. "Nilikileta mimi," alisema.

"Nani mwingine ana la kuongeza?" Marcella aliuliza akiwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Bi Kivela alitoka ukutani. Reino, aliyekaa nyuma kabisa na kofia magotini, alifumba macho.

"Mimi nilimwambia akilete," alisema.

Gordon alisema, "Lorna, labda tungezungumza kwanza ofi..."

"Hapana, Gordon. Wiki iliyopita uliniuliza ofisini, na nilikujibu kwa karatasi. Sasa nakujibu kwa mdomo. Jumanne ile, mbele ya makoti, nilimshutumu mtoto huyu kwamba kazi si yake. Nilimwambia alete alichochongea, achonge mbele yangu. Aliniuliza, 'Nilete kisu?' Nikasema, 'Kwani ulichonga kwa kijiko?' Hayo ndiyo maneno yangu. Alifanya alichoambiwa na mwalimu wake. Kisha mwalimu wake akamwacha peke yake siku saba."

"Bi Kivela," Marcella alisema, sasa polepole, "unafahamu kwamba haya yanaandikwa?"

"Nafahamu. Ndiyo sababu sisemi haraka." Akaweka ile karatasi ya penseli mezani. "Na hii naomba iandikwe pia. Alikuwa ameshanijibu kabla sijamwuliza. Sikusoma."

Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Ilipofika kwa Dale Pelto ilikaa. Aliisoma pande zote mbili, akageuza, akasoma tena pale panaposema *ule ulikuwa mkono wake*. Shingo ilimpanda wekundu mpaka nyuma ya masikio. Hakuna aliyemtazama, kwa adabu, na wote walijua.

"Huyu arudi shule Jumatatu," alisema, akainua mkono kabla kura haijaitishwa. "Angalau yeye... Basi. Arudi."

Mikono mitano ilipanda. Kisha wakamtaka Bi Kivela asubiri korido, na huko alisubiri dakika ishirini na tano akitembea kutoka kabati la kwanza hadi la mwisho, makabati arobaini na mawili, akirudi, mpaka walipomwita. Wiki tatu bila kazi wala mshahara. Barua kwenye faili lake. Mwaka wa mwisho angeruhusiwa kuumaliza. Na Mradi wa Msitu umefutwa, kuanzia leo. Watoto wataandika insha.

Hilo la mwisho ndilo lililomfanya aombe maji. Barua alikuwa ameitarajia. Lakini mradi ulikuwa wa watoto ambao bado wako darasa la nne, wa tatu, ambao walikuwa wameshaanza kuokota matawi wakiona kaka zao wakifanya. Na aliyewanyang'anya hakuwa bodi. Kosa la mkubwa halimwangukii mkubwa peke yake. Hilo alilijua zamani kama sentensi ya kuwafundishia wengine.

Nje, Reino alikuwa amewasha gari. Waliendesha mpaka darajani.

"Wiki tatu," alisema.

"Wiki tatu."

"Utanibomolea nyumba." Kisha: "Umefanya vizuri. Nilikushauri vibaya kule kwenye mvuke."

Siku ya nne ya adhabu yake, mchana, Bi Kivela alichukua mkate mmoja wa iliki, viatu vya theluji na daftari lake la maksi, akaendesha mpaka barabara inapoishia. Mzee Urho alimfungulia mlango, akamtazama kwa muda wa kutosha mtu kujuta, kisha akasogea. Kwenye sheria za nyumba kama ile, anayekuja na mkate hapewi mgongo. Kahawa ilikuwa jikoni. Kaisa alikuwa mezani, amevua viatu, anafanya hesabu.

Bi Kivela alikataa kiti.

"Nimekuja kusema mambo mawili. La kwanza, nilikukosea, kwa kukushutumu, na kwa kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikuwa kubaya zaidi."

"Ndiyo," Kaisa alisema.

Hakukusudia ukali, aliambiwa jambo, akalikubali.

"Kwa nini hukusema ofisini kwamba ni mimi?"

Kaisa alifikiri, penseli kinywani. "Ulikuwa palepale, Bi Kivela. Nilidhani utasema."

Mzee Urho alimimina kahawa. Sauti ya kahawa ilikuwa kubwa sana kwenye jiko lile.

"La pili," Bi Kivela aliendelea, "ni maksi zako. Tisini na mbili. Umepoteza nane kwa sababu umeandika mistari ishirini bila hata mkato mmoja. Ule mkono wa babu sikuukata kitu."

Kaisa akacheka, mara ya kwanza. "Babu, umesikia? Mkono wako umefaulu."

"Ulipaswa kufaulu," mzee alisema. "Una miaka themanini na moja."

Kisha akaenda kwenye rafu, akarudi na kile kisu. Askari wa kaunti, aliyekabidhiwa na shule, alikuwa amekirudisha Ijumaa, akaomba samahani na kunywa kahawa. Mzee alikiweka mezani mbele ya mgeni, na kando yake kipande cha bechi, kilekile kilichokwenda shule kwenye taulo na kurudi bila kuguswa.

"Mwalimu umesoma kitabu hicho mara ngapi?"

"Miaka ishirini na miwili. Mara ishirini na mbili."

"Yule kijana alichonga kijiko siku ya ngapi?"

"Siku ya sita."

"Chonga."

Bi Kivela alikitazama kisu. Akamtazama mzee, ambaye hakuwa anatania, na mtoto, ambaye alikuwa ameshaweka penseli chini. Miaka ishirini na miwili aliwaeleza watoto namna ya kushikilia mti, namna ya kufuata nyuzi zake, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunyoa hata njiti. Alishika mpini. Ulikuwa na joto la jikoni. Aliusogeza ubao kifuani, akakaza, akavuta. Kisu kikaruka, kikang'oa pande zima, na kidole gumba kikatoa damu.

"Si kifuani, Bi Kivela!" Kaisa aliruka. "Utajitoboa! Kata kwenda nje. Lete, nikuonye... hapana, shika mwenyewe. Shika hivi. Kidole huku."

"Hivi?"

"Hivyo. Sasa usisukume, uache kisu kitafute njia. Halafu kaa chini. Hakuna anayeweza kuchonga akiwa amesimama."

Bi Kivela alivuta kiti kwa mguu. Akakaa, kidole kimefungwa kitambaa, akaanza tena.